Mapambo ya Sikukuu kwa Nguo za Nyumbani, Bila Sindano: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Naishi Walukuba, hapa Jinja, kwenye zile nyumba za wafanyakazi zilizojengwa enzi za ukoloni, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya baraza kwa sababu kila mlango una kabila lake. Novemba ikishaanza, watu hunisimamisha sokoni, kanisani na kwenye kituo cha bodaboda: ile soksi uliigeuzaje ndege? Lile shada la mlangoni umelishona wapi? Sijalishona. Maswali yanayorudi kila mwaka nimeyaandika hapa, nikayajibu jinsi ninavyomjibu jirani aliyekuja na nguo zake kwenye beseni.

Kwa nini bila sindano, wakati mafundi wamejaa kila mtaa?

Mafundi wapo, lakini Desemba hawana nafasi. Wana magauni ya Krismasi, nguo za harusi, na sare za watoto wanaobadilisha shule Februari. Ukimpelekea soksi moja na kumwambia akutengenezee pambo, ataiweka chini ya meza na utaikuta hapo Pasaka.

Ila sababu yangu kubwa ni nyingine. Nguo iliyokwisha kuvaliwa tayari imeshonwa. Ina pindo, ina kola, ina vifungo, ina mpira pale inapobana mguu au mkono. Kazi ngumu ilikwisha kufanyika kitambo, iwe kiwandani au kwa fundi. Ukijifunza kuitumia mishono iliyopo, huhitaji kuongeza mwingine. Kwa hiyo kabla ya kushika mkasi, igeuze nguo mkononi, tafuta ncha zilizomalizwa, halafu ujiulize pambo gani linaweza kuanzia hapo. Karibu kila jibu lililo hapa chini linatokana na jambo hilo moja.

Nguo zipi zinafaa na zipi zinasumbua?

Kitu cha kwanza ni kukivuta kitambaa. Kikivutika kama tisheti, fulana ya ndani au legingi, umepata rafiki. Kitambaa cha tisheti ukikikata hakichomoki nyuzi, hujikunja ncha tu. Kata ukanda wa upana wa sentimita 2 au 3, ushike ncha mbili, uvute kwa nguvu: utajikunja wenyewe uwe kama kamba nene ya mviringo, laini, isiyohitaji pindo. Kamba hiyo ndiyo uzi wetu wa kila kazi.

Kitambaa kisichovutika, kama kitenge, shati la ofisini, shuka au suruali ya kitambaa, huchomoka nyuzi pale kilipokatwa. Hakikatazwi, ila kina masharti yake, nitayaeleza mbele.

Sweta ndizo zenye hila. Ukikata katikati ya sweta, inaanza kufumuka mshororo kwa mshororo, na ukichelewa unabaki na fundo la nyuzi. Huko Ulaya watu huchemsha sweta za sufi ya kondoo zikajifinya na kuwa ngumu, wakazikata watakavyo. Usijaribu hivyo kwa sweta zetu za shule. Nyingi ni za nyuzi za kiwandani na hazijifinyi hata ukizichemsha kutwa. Sweta tunaitumia kwa vipande vyake vizima: mkono mzima, kola nzima, ule ukanda wa chini unaobana kiuno.

Soksi ni malkia. Upande mmoja umefungwa, upande wa pili una mpira, kisigino kina umbo lake. Hata soksi iliyotoboka kidoleni inafaa, kwa sababu tundu utaligeuza likae chini au nyuma.

Nitazipata wapi kwa bei ya chini?

Anzia nyumbani. Shule hufungwa kuelekea Desemba, na hapo ndipo soksi ndefu za sare, sweta zilizofupika mikono na mashati yaliyoisha kola hurudi kwa pamoja. Nyekundu, kijani, damu ya mzee, samawati: rangi za sare za Uganda zinatosha kupamba mtaa mzima.

Zikipungua, nenda kwenye mivumba, yaani mitumba. Kampala utaenda Owino, ambayo jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe. Sisi wa Jinja tuna soko letu kuu na magulio ya pembeni. Usiende asubuhi robota linapofunguliwa, maana wakati huo unashindana na wenye maduka. Nenda jioni, muuzaji anapokunja turubai. Muulize soksi zisizo na jozi na nguo zenye madoa. Hakuna anayevaa soksi moja, kwa hiyo kwake ni mzigo wa kubeba kurudi nyumbani. Mimi hununua furushi, sinunui moja moja.

Halafu mfuate fundi wako, si kwa kushonewa, bali kwa vipande vya kitenge vilivyo chini ya cherehani. Akikupa bure, mpelekee pambo moja likiisha. Mwaka unaofuata atakuwekea mfuko kabla hujamwomba.

Nimepata tisheti nyingi za kampeni. Zinafaa?

Zinafaa sana. Kila uchaguzi ukipita, kama ule wa Januari 2021, nyumba hubaki na tisheti ambazo hakuna anayezivaa tena. Ukizikata kanda na kuzivuta, maandishi na sura hujikunjia ndani na hubaki rangi tu. Changanya rangi za pande zote ili mgeni yeyote akae kwa amani sebuleni kwako.

Nguo zenye mabaka ya kijeshi ndizo usiguse. Raia haruhusiwi kuwa na mavazi ya jeshi, na kulikata likawa shada hakubadilishi lilikotoka. Ukizikuta kwenye furushi la mivumba, usizichukue.

Nguo za mivumba nizisafisheje?

Loweka usiku mmoja kwa sabuni, fua, anika juani, kisha piga pasi pande zote, hata soksi. Pasi si ya urembo hapa. Yule inzi wa embe hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mtu. Joto la pasi huyaua mayai. Utakuwa umekaa na kitambaa hicho mapajani kwa saa nzima, na watoto watakishika, kwa hiyo usiruke hatua hii.

Nguo nyekundu ijaribu peke yake: sugua pembe yake kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikitoka na wekundu, usiiweke karibu na nyeupe, maana unyevu wa siku moja ya mvua unatosha kutia madoa kwenye pambo zima.

Gundi ipi nitumie?

Ukiweza, usitumie yoyote. Fundo linafunguka na kurekebishwa, gundi haisamehi. Pale isipokwepeka, nina mpangilio wangu.

Gundi nyeupe ya maji, ile ya watoto wa shule, inashika kitambaa kwa kitambaa vizuri kama utakuwa na subira. Paka kidogo, bana kwa vibanio vya nguo, acha mpaka kesho. Wengi huipaka kwa wingi wakidhani itashika zaidi, kumbe inapenya, inatoka upande wa pili na kuacha doa linalong'aa.

Bunduki ya gundi ya moto ni ya haraka, lakini inataka umeme na inaunguza. Mtoto asiishike. Weka bakuli la maji baridi pembeni, na kitambaa kibonyeze kwa kijiti badala ya kidole.

Uji wa muhogo ndio gundi ya bibi zetu. Koroga vijiko viwili vya unga katika kikombe cha maji baridi, pika huku unakoroga mpaka uache weupe na uanze kuonekana kama kioo chenye ukungu. Unashika karatasi na kitambaa chepesi, na pia unakikausha kitambaa kikawa kigumu kama kola ya padri. Ubaya wake ni kwamba mende na panya wanaupenda.

Gundi ya mafundi viatu inashika kweli, lakini harufu yake ni kali na inashika moto upesi. Ifanyie kazi nje, mbali na sigiri, lile jiko la mkaa.

Kuna moja nakuomba uiache kabisa: ile gundi ya haraka ya kichupa kidogo, inayoganda kwa sekunde. Ikikutana na pamba hupata joto ghafla. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nabandika kifungo kwenye soksi ya pamba niliyoivisha mkononi kama glavu ili niione vizuri. Tone likapenya. Niliona moshi mwembamba, na kabla sijaivua soksi, ngozi ya kidole cha shahada ilikuwa imeshaungua. Alama bado ipo. Kichupa kile kiache kwa plastiki na vyombo vilivyovunjika.

Shada la mlangoni linatengenezwaje hasa?

Hili ndilo swali la kwanza la kila mtu, kwa hiyo tulifanye polepole.

Chukua henga ya waya, ile nyembamba ya dobi. Ivute chini mpaka pembe zake ziishe, uiviringe iwe duara la kipenyo cha kama sentimita 30. Ndoano yake iache, ndiyo itakayotundika.

Chukua tisheti. Kata moja kwa moja chini ya makwapa, upande wa juu uweke kando kwa kujazia vitu vingine. Mwili uliobaki ukate kanda za upana wa sentimita 2 na nusu, halafu kila ukanda uukate vipande vya urefu wa sentimita 15. Tisheti moja ya mtu mzima hutoa takriban vipande 100. Shada moja zito linakula kama 130, kwa hiyo tisheti mbili zinatosha na masalio yanabaki.

Sasa fundo. Kunja kipande katikati, kitanzi kikae juu. Kipitishe nyuma ya waya, ingiza ncha zote mbili ndani ya kitanzi, vuta chini mpaka kibane. Kingine kifuatie, kikiegemea cha kwanza. Baada ya vipande kumi, visukume kwa kidole gumba vibanane. Waya ukionekana katikati, hujasukuma vya kutosha. Unene wa shada unatokana na msongamano kuliko urefu wa vipande, na hapa ndipo wengi huchoka mapema wakaishia na shada lenye mapengo kama meno ya mtoto wa miaka saba.

Rangi zipange tano tano, au uzichanganye bila mpango. Mimi napenda kijani chote, kisha sehemu moja tu, upande wa chini kushoto, vipande vyekundu vitatu na kifungo kikubwa cha koti. Jicho linapata mahali pa kutua.

Linachukua jioni mbili. Fanya na mtu mwingine, mmoja akate na mwingine afunge.

Sina mti, na sitaki kukata matawi ya mberoshi. Kuna namna?

Kuna mkono wa sweta. Utazame vizuri: mpana begani, mwembamba kiganjani. Ni mti uliokwisha shonwa.

Chukua sweta ya kijani ya mtoto. Kata mkono wake upande wa mwilini, ukiacha mshono wa bega ubaki kwenye mkono. Mshono huo ndio unaozuia usifumuke. Ukikata ndani yake kwa sentimita moja tu, umeshaupoteza. Kisha chukua kalenda ya ukutani ya mwaka unaoisha, karatasi yake ngumu inafaa sana, uiviringe iwe pia yenye urefu wa sentimita 30 na upana wa chini usiozidi 10, uibane kwa selotepu. Ivalishe mkono wa sweta kutoka juu. Sehemu ya kiganjani itazidi nchani: ifunge kwa rababendi, kisha ikunjue ianguke kama kofia. Chini, pindo likunje ndani ya karatasi. Basi. Sweta moja ina mikono miwili, kwa hiyo unapata miti miwili. Ongeza wa tatu mfupi zaidi kutoka sweta nyingine na meza imeshapambwa.

Vifungo vya mashati vinaning'inia vizuri juu yake bila gundi: pitisha waya mwembamba kwenye matundu ya kifungo, ncha zake zichomeke kwenye mafumo ya sweta.

Nimeona mtu wa theluji wa soksi kwenye simu. Nawezaje kumtengeneza?

Kwa urahisi. Soksi nyeupe, jaza mpaka karibu na kisigino, funga rababendi. Ongeza kidogo juu kwa ajili ya kichwa, funga tena. Sehemu iliyobaki juu ikate, iviringe pindo, iwe kofia yake. Kipande cha tisheti kiwe skafu, vifungo viwili viwe macho. Wenzetu wa nchi za baridi hujaza mchele ili asimame imara.

Tena theluji si ngeni kabisa kwetu. Iko kileleni Rwenzori, ambako Margherita inafika mita 5,109, na anga likitakata watu wa Kasese huiona kutoka barabarani. Lakini mtoto wa Jinja hajaishika. Ndege wa kwenye bendera yetu anamjua. Kwa hiyo nyumbani kwangu anayekaa katikati ya meza ni korongo taji, ngaali kwa Waganda.

Tafuta soksi ndefu ya shule ya kijivu. Jaza sehemu ya unyayo kwa vitambaa vilivyokatwakatwa mpaka kisiginoni: huo ndio mwili. Funga hapo kwa rababendi. Ingiza waya uliokunjwa mara mbili kutoka juu, ushuke ndani ya mwili, kisha zungushia sehemu ya mguu wa soksi kamba ya tisheti ya kijivu, ukibana kweli, mpaka iwe shingo nyembamba. Acha sentimita nane za mwisho bila kuzungushia. Ndani yake weka kidonge cha kitambaa chenye ukubwa wa ndimu. Kichwa hicho.

Sasa taji, na hapa ndipo napapenda kuliko pote. Chukua kamba ya katani, ifumue upate nyuzi za urefu wa kidole, fungu la nyuzi kama arobaini. Lisimamishe katikati ya mdomo wa soksi, juu ya kichwa, halafu uzungushe rababendi. Mpira ule ule unaofunga kichwa ndio unaoshika taji. Pindo la soksi likunje chini lifiche mpira, kisha puliza nyuzi zitawanyike. Hujagusa gundi wala sindano, na taji halichomoki hata mtoto akilivuta.

Shavu jeupe ni kipande cha fulana kilichochomekwa chini ya pindo. Ule mfuko mwekundu wa shingoni ni ukanda mfupi wa tisheti, uliofungwa fundo moja chini ya kidevu. Mabawa ni soksi mbili nyeupe za mtoto mchanga, zilizoshikwa na kamba inayozunguka mwili. Miguu usihangaike nayo: mlaze kwenye kiota cha majani makavu ya mgomba, aonekane amekalia mayai.

Nikijaza mchele, si panya watakuja?

Watakuja. Maharage pia, mahindi pia. Ukitaka uzito, tumia mchanga uliokaushwa juani, uufunge ndani ya kavera mbili, yaani mifuko ya plastiki, kabla ya kuingia kwenye soksi, vinginevyo utapenya kwenye mafumo na kumwagika mezani kidogo kidogo. Pasipohitaji uzito, vitambaa vilivyokatwakatwa vinatosha.

Soksi za zawadi tunazitundika wapi? Hatuna zile sehemu za moto ukutani.

Kwenye nondo za dirisha la sebuleni. Soksi ndefu ya shule ina mpira juu, unaitoboa tundu dogo chini ya mpira, unapitisha kamba ya tisheti na kufunga. Njugu, peremende, na penseli mbili za muhula wa kwanza.

Na usisahau mifuko ya mashati. Mfuko wa kifuani umeshonwa pande tatu na uko wazi juu, ni bahasha kamili. Kata shati ukizunguka mfuko, ukiacha sentimita 2 kila upande pamoja na kitambaa cha nyuma yake. Ibane kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, ukutani kote. Kila mtoto awe na wake.

Nina kitenge kizuri lakini kinachomoka nyuzi.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kukichovya kwenye uji wa muhogo, ukitandaze juu ya plastiki kikauke, ndipo ukate. Kikiwa kigumu hakichomoki, na unaweza kukata nyota, pembetatu za bendera ndogo, hata majani. Ya pili ni kuchana badala ya kukata: anza kwa mkasi kidogo, kisha chana kwa mikono. Ukanda utafuata nyuzi zake na kubaki na kishada chembamba ambacho ni pambo chenyewe.

Sisi ni Waislamu. Haya yote ni ya Krismasi tu?

Hapana, na majirani zangu wengi huyatumia Idi zote mbili. Henga ile ile ya waya inakunjika ikawa mwezi mwandamo: kunja duara lisilokamilika, ncha ziwe kali, lingine dogo ndani yake, viunge nchani, kisha uzungushie kamba ya tisheti nyeupe au kijani bila kuacha nafasi. Nyota ni vijiti vitano vya urefu mmoja vilivyofungwa nchani na kuvikwa hivyo hivyo. Kwa familia zisizopenda sanamu za viumbe, mwezi, nyota na bendera ndogo zinatosha nyumba nzima. Mifuko ya mashati inafaa mno kwa pesa za Idi za watoto.

Kanzu kuukuu inaweza kutoa kitambaa kizuri cheupe. Lile tarizi la damu ya mzee shingoni usilikate vipande. Litoe zima, livalishe kwenye chupa pana, uweke maua.

Watoto washiriki kuanzia umri gani?

Wa miaka minne anaweza kuvuta kamba za tisheti zijikunje, na hachoki. Wa miaka saba anafunga mafundo ya shada. Mkasi wa kitambaa na gundi ya moto ni vya mkubwa. Kama nyumbani kuna anayetambaa, vifungo visiwe chini ya usawa wa kiuno cha mtu mzima, maana kila kinachong'oka kinaishia mdomoni.

Naweza kuweka mishumaa au taa karibu?

Mishumaa na tadoba, yaani koroboi, hapana. Pamba huwaka upesi, na nyuzi za kiwandani, zilizo kwenye sweta na tisheti nyingi, huyeyuka zikiungua na kunata kwenye ngozi. Umeme ukikatika usiku wa mkesha, ondoa mapambo mezani kwanza ndipo uwashe mshumaa. Zile taa ndogo za kumetameta, kama hazipati moto ukizishika baada ya nusu saa, zinafaa. Zikiwa za moto, zirudishe kwenye boksi. Shada la mlangoni litundike upande usiotazamana na sigiri.

Mama yetu alifariki mwaka huu. Tuna nguo zake. Ni vibaya kuzifanya mapambo?

Pole sana. Hili nimeulizwa kwa sauti ya chini mara nyingi, na silijibu mpaka niulize wazee wa nyumba wanasemaje, kwa sababu kila ukoo una desturi yake juu ya nguo za marehemu. Nanyi waulizeni kwanza.

Wakiridhia, ushauri wangu ni msikate chochote. Kama alikuwa mvaaji wa gomesi, lile gauni refu la wanawake wa Uganda, ule mshipi mpana wa kiunoni ni kitambaa kirefu kinachojitegemea. Zungushieni chini ya mti au juu ya pazia, mfunge fundo moja kubwa lining'inie mbele, jinsi alivyokuwa akilifunga yeye. Sikukuu ikiisha mnaufungua, mnaupiga pasi, mnaurudisha sandukuni ukiwa mzima. Familia moja hapa mtaani walifanya hivyo. Wajukuu walipoingia sebuleni hawakuhitaji kuambiwa ni wa nani.

Naweza kuyauza?

Ndiyo, hasa mashada na korongo. Anza kutengeneza Septemba, maana Desemba ni ya kuuza. Hesabu saa zako, si nguo tu, kwa sababu nguo ndiyo sehemu ndogo ya gharama. Usiache nembo za kampuni au za vyama zikionekana.

Nayahifadhije mpaka mwakani?

Yapunge vumbi, yaanike juani nusu siku, yaweke kwenye ndoo yenye mfuniko. Majani ya mwarobaini yaliyokauka yatawekwa katikati kufukuza wadudu. Chochote kilichopakwa uji wa muhogo kiwekwe ndoo yake, au kitupwe.

Nimetumia soksi ya mtoto, na sasa shule inafunguliwa anaidai. Nifanyeje?

Kama uliikata, pole, soksi hiyo imekwenda. Kama ni korongo niliyemweleza hapo juu, mlete. Ondoa rababendi ya kichwani, chomoa katani, fungua kamba ya shingoni, vuta waya, kung'uta vitambaa. Soksi iloweke usiku kucha ili mpira wake urudi, maana umekaa umevutika miezi miwili. Asubuhi ianike, ikikauka piga pasi, mpe mtoto avae. Waya na katani viweke kwenye ndoo ya mapambo, Desemba ataleta nyingine.